Zamu ya Mzee Jacktone

Miaka minne nilimruka Mzee Jacktone kwenye orodha, na hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu hapa Mtopanga. Kila Jumamosi saa kumi alasiri tunasali nyumba kwa nyumba, na zamu nazipanga mimi. Kila zilipofika kwake, kalamu yangu iliteleza yenyewe hadi nyumba ya pili.

Si mimi tu niliyemkwepa. Mzee yule alihakiki makontena bandarini miaka thelathini, na alipostaafu akaanza kuhakiki watu. Ukisoma Injili ukaruka neno, anakusimamisha. Ukianza wimbo juu sana, anaziba masikio. Gladys wa kwaya aliwahi kulizwa naye mbele ya watu. Lakini mimi nilikuwa na yangu. Siku ya mazishi ya mume wangu, Munga, nilisimama kaburini nikasema marehemu aliiacha kwaya kwa sababu ya maradhi. Mzee Jacktone akakohoa. "Marekebisho kidogo," akasema, umati wote ukisikia. "Aliiacha kwa sababu ya pombe."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana sikuweza kumsamehe.

Mwezi uliopita alinikuta nje ya kanisa. "Katibu, zamu yangu ni lini?" Aliuliza bila hasira, kofia mkononi. Nikamwandika papo hapo. Kwa kawaida ujumbe wangu wa Ijumaa kwa wanajumuiya husema: "Wote tufike bila kukosa." Ijumaa ile niliandika: "Kesho ni kwa Mzee Jacktone. Mwenye nafasi aende." Mwerevu haambiwi mara mbili. Saa moja haikuisha, Kaingu akawa amepata mgeni, Roseline mafua, na Gladys msiba huko Kaloleni ambao hakuna aliyekuwa ameusikia.

Nami sikupanga kwenda. Kusema kweli, si upendo ulionitoa nyumbani Jumamosi ile, ni kimya. Wanangu wako Nairobi, hupiga simu Jumapili. Jumamosi bila jumuiya ni siku ndefu mno. Nilifua, nikapiga pasi hadi vitambaa vya meza, na saa tisa nikawa nimekaa kitandani nikisikiliza redio ya jirani. Nikamfikiria Mzee Jacktone naye amekaa vivyo hivyo, ila yeye anangoja watu. Dhamiri ikanisuta. "Mpende adui yako" nimehubiriwa tangu nikiwa na meno ya utotoni, na adui mwenyewe yuko vichochoro vitatu tu kutoka kwangu. Nikachukua kitabu cha nyimbo, nikatoka kabla sijabadili nia.

Alikuwa amepanga viti vya plastiki kutoka sebuleni hadi barazani. Mezani palikuwa na chupa tatu za chai, chapati zimefunikwa, na vikombe ishirini, vingine bado vina karatasi za dukani. Yeye alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, ndani ya koti, jasho likimtiririka shingoni.

"Umechelewa dakika kumi na mbili," akasema.

"Nisamehe, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Tungoje wenzako."

Tukangoja. Kila nyayo zilipopita kichochoroni alijiweka sawa kola. Zikishapita, anaishusha mikono magotini. Ilipofika saa kumi na moja kasorobo nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, hawaji. Mimi ndiye niliyeharibu. Ule ujumbe niliuandika makusudi."

"Najua. Mtu akikosea huandika ovyo. Wewe hukukosea hata herufi." Akavitazama viti. "Ni kwa ajili ya Munga?"

"Ndiyo."

"Lakini nilisema kweli."

"Ulisema kweli, Mzee. Na kweli hiyo imenikaa kifuani miaka minne."

Akanisogezea Biblia. Kama mlitarajia aniombe radhi, nami nilitarajia hivyo hivyo.

"Soma Injili," akasema.

Nikasoma. Alinisahihisha mara mbili. Tukaimba wimbo mmoja, yeye chini, mimi juu, hatukukutana popote. Ilipofika zamu yake ya kutoa maombi, akasema tu, "Bwana, viti ni vingi."

"Ee Bwana, utusikie," nikaitikia, maana sikujua jingine la kuitikia. Nililia kidogo, akajifanya hakuona.

Baada ya chai na chapati tatu ngumu nilizozila kwa heshima, nikaaga. Yeye alikuwa anavikusanya vikombe vyote ndani ya beseni. Akalibeba hadi bombani, katikati ya ua wa wapangaji.

"Mzee, tumetumia viwili tu. Hivyo vingine ni visafi."

Akafungua bomba. Alichuchumaa kwa taabu, akaanza kuviosha kimoja kimoja na kuvifudikiza kwenye benchi, mahali ambapo kila anayepita uani angeviona. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikajifunga leso kiunoni, nikachuchumaa kando yake, nikachukua kikombe kisafi nikakisugua.

Vilikuwa vimefika kumi na vinne benchini Bi Mwanatatu alipoingia. Ndiye mwenye nyumba, na alikuwa anarudi kutoka harusini Magogoni, buibui linanukia udi.

"Shikamoo, Bi Mwanatatu," nikamwamkia.

"Marahaba, Sidi mwanangu." Akalitazama benchi, uso ukamng'aa. "Mashallah! Mzee wetu leo kajaliwa wageni. Walikuwa wengi?"

Mkono wa Mzee Jacktone ukasimama ndani ya maji. Mtu aliyemwumbua mjane kaburini hangejihurumia yeye mwenyewe. Nilimwona anavuta pumzi ili aseme kweli, nikamtangulia.

"Walijaa, bibi. Wengine walikosa hata pa kukaa."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanatatu, akaingia kwake.

Mzee Jacktone alinitazama kwa muda mrefu, midomo ikimcheza. Nikangoja anisahihishe. Akainamia beseni, akatoa kikombe kingine kisafi, akanipa nikioshe.