Nasibu, Nifungulie

…na sindano imeshavunjika mara moja leo, isivunjike tena, mguu polepole kwenye cherehani, pindo la gauni la Antoinette bado nusu, naye amekaa kwenye benchi langu hapa Kamembe na kitabu kipya kuhusu marehemu Mukengere mwanamuziki, alichonunua kwao Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akiwa hai walimwita mlevi, amekufa amekuwa kitabu, na kingine kinaandikwa, na sasa kafika kwenye sura ya ule wimbo, wiki tatu, tangu kitabu kitoke, naiogopa sura hiyo, asisome kwa sauti, "Maman Karim, sikia," anasoma, anatafsiri kutoka Kifaransa, "hapa banasema Nasibu, nifungulie, nasibu ni chance, alikuwa anaombaka chance juu maisha ilimukazia"… chance, yaani bahati, basi, nimepona, hawakunipata, pindo linyooke… lakini hakuimba nasibu, aliimba Nasiba, jina langu, na cha kufungua kilikuwa mlango wa baba yangu, mvua inanyesha, gitaa kalitia kwenye mfuko wa mbolea lisilowe, Nasiba, nifungulie, nami nyuma ya mlango nimeshika komeo, binti wa Kiislamu wa Kamembe atamfunguliaje Mkristo wa bendi, sikufungua, nilisikia viatu vyake vikiondoka kwenye tope, mwaka uliofuata wimbo ukapigwa redioni na kila mtu akausikia vibaya, nikamshukuru Mungu… "Ule wa kitabu ya pili anakuya wiki ijayo, anatafuta bantu benye balimujuaka," "Eeh," nasema, uzi umekatika, natunga tena, jicho halioni tundu, mbona nimekasirika, nilijificha, sikuonekana, sasa naumia kwamba sikuonekana, ujinga wa mtu mzima, kurasa mia tatu, yupo mpiga ngoma wake, yupo mpaka mbwa wake, mimi nimekuwa bahati, bahati gani, nilimpenda, haya, nimelisema, hata kama ni kichwani tu, nilimpenda na sikumfungulia… "Maman Karim, unalia?" "Uzi huu una vumbi," na mguu unakanyaga, pindo linakwenda… nitasema, lakini si kwa huyo mwandishi, yeye baadaye, kwanza Hakimu, mume wangu, leo akirudi kutoka mpakani, asije akayasoma haya mahali, Hakimu ambaye kila Ijumaa akipiga pasi kanzu yake ya msikitini huuimba wimbo huohuo kwa sauti yake mbaya, nami niko chumba cha pili simsahihishi, miaka ishirini na miwili, anakosea herufi moja tu.