Mshumaa Usiochujwa

Mukantabana hakuwa mtu wa kushtuka ovyo, lakini mjumbe kutoka Omurushaka alipomaliza kusimulia habari za Shangazi Felicitas, aliketi chini.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea Projest, kijana aliyetaka kumposa binti yake Kantengwa. Wazazi wa kijana walikwishafariki, kwa hiyo kauli ya mwisho ilikuwa ya shangazi: mwanamke wa Bukoba, mwenye pumu na ulimi mkali. Mwezi uliopita alikwenda kuposa kwa ajili ya kijana mwingine wa ukoo wao. Wenyeji, kwa kutaka kumpendeza, waliwasha mishumaa ya dukani, ile myekundu yenye harufu ya waridi. Kifua kikambana mpaka akabebwa nje, na posa ikafia hapohapo. "Kwa watu wanaotaka kuniua kwa marashi hatuoi," alisema alipopata pumzi.

"Yesu na Maria!" alisema Mukantabana, maana mishumaa ya namna hiyohiyo ilikuwa kabatini mwake, ameitunzia mgeni wa heshima. Akawasha mmoja, akashika sahani nyeupe juu ya moto wake. Alipoigeuza sahani hakuamini macho yake: masizi matupu, meusi ti.

"Hiki ndicho tungemvutisha mama wa watu?"

Kibatari nacho kilikuwa na moshi wake. Kukaa gizani pia haikuwezekana, kwani nyumba yao ya Nyaishozi ilikuwa na madirisha madogo na migomba imeizunguka pande zote. Siku ya mvua, hata adhuhuri usingeona aliyekaa mbele yako. Basi akachagua nta. Mumewe, Ildefonsi, alikuwa na mizinga kwenye miti nyuma ya nyumba.

Jirani yake Kokuberwa alimwonya. "Mama Kantengwa, ichemshe na maji, uichuje kwa kitambaa mpaka asali yote itoke."

"Asali ikitoka, harufu itabaki wapi?"

"Itabaki kidogo."

"Kidogo! Mimi napokea wakwe, dada yangu, sipokei wapita njia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ukimwambia hivyo mama anayeoza binti utatukanwa bure. Akaiyeyusha nta na asali yake, akaimimina kwenye mabua ya mpapai yenye uzi katikati. Mishumaa ikatoka ya kahawia, imepinda, lakini chumba kizima kikanukia asali.

Wageni walifika mvua ikinyesha. Sakafuni zilitandazwa nyasi mbichi, na kahawa ya kutafuna ikapitishwa. Mishumaa ilitatarika kidogo lakini haikutoa moshi. Mukantabana hakusikiliza hata neno moja la washenga. Alisikiliza kifua cha shangazi tu. Kilikuwa kimya. Akaanza kutabasamu.

Mvua ikakatika, jua likatoka kali, na Ildefonsi akaufungua mlango ili wageni wapate hewa.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye mshumaa wa mezani. Kabla watu hawajamshangaa, mlango ulikuwa umejaa. Kundi zima lilikuwa linafuata asali yake! Mshenga akapita dirishani, dirisha ambalo mbuzi asingepita. Ildefonsi, mwenye mizinga, alikuwa wa kwanza kufika migombani, na Projest akamfuata akiwa na kiatu kimoja. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: ndani alibaki mtu mmoja tu ameketi, Shangazi Felicitas, mikono magotini, nyuki wakitembea juu ya kilemba chake.

"Nimemuua," Mukantabana alijiambia. Hakuwaza tena posa. Aligeuka pale mlangoni, akaikusanya mishumaa yote kifuani, ingali ya moto, akatoka nayo polepole. Nyuki wakamfuata. Walimuuma shingoni, kwenye kope na mdomoni, naye akasonga mbele mpaka mwisho wa shamba, akaitupa mishumaa shimoni, akawaachia.

Aliporudi, jicho moja lilikuwa limeziba kabisa. Shangazi alikuwa palepale. Mukantabana akapiga magoti kwenye nyasi.

"Shangazi, nisamehe. Jamani, nisamehe. Mwanangu hana kosa."

"Mawe, mama yangu!" alisema shangazi, akimtazama ule uso uliovimba. "Kwani nawe hukukimbia?"

"Wewe je, Shangazi? Mbona hukukimbia?"

"Na kifua hiki nikimbilie wapi?" Akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Yeye mwenyewe alionekana kushtuka. Akavuta nyingine. "Huu ni mwaka wa ngapi sijui, naingia nyumba za watu natoka nabebwa. Leo nimekaa na moto mezani, na nyuki kichwani, halafu napumua."

Mukantabana hakujua acheke au alie. Machozi yakatoka kwenye jicho lililobaki.

"Ile mishumaa," shangazi akasema, "binti yako anajua kuitengeneza?"

"Anajua."

"Basi waite hao wanaume watoke migombani. Tunaoa." Akamtoa nyuki wa mwisho kwenye kilemba chake, taratibu, akampuliza mlangoni. "Lakini kwangu, mama, aichuje kwanza."