Sauti ya Tatu

Kwenye mashine yetu ya kuchanganyia sauti kule redioni, ile niliyoitumikia mpaka mvi zikanijaa, ulikuwa ukimshusha mtu sauti kwa kidole, ukimrudisha, basi, yamekwisha. Shahidi hakuna. Kompyuta siyo hivyo. Kompyuta ni kama wifi, dada wa mume: kila unalofanya analiweka, siku moja atalitoa mbele za watu.

Mashine ile wakubwa waliiuza chuma chakavu, nami nikaifuata mlangoni. Hata kuniuliza hawakuniuliza. Ndivyo walivyo wakubwa, kazi yao kukata utepe na kukata watu. Kwa hiyo kwaya ya marehemu mke wangu iliponiomba niichanganyie wimbo wao wa mwisho waliorekodi naye, kila mwimbaji na maiki yake, sikuwa na pa kufanyia ila kwa mkwe wangu, mke wa mwanangu, anayetengeneza matangazo ya maduka kwa kompyuta chumbani kwake.

Alinipisha kiti, mwenyewe akakalia ndoo iliyofunikwa. Kukaa karibu na mkwe namna ile si jambo jepesi. Hata kukohoa nilikuwa nageukia ukutani.

"Baba, hiki ni kitufe cha kumsikiliza mmoja peke yake. Hiki cha kumnyamazisha. Visikutishe, having'ati."

"Nani katishika? Naviona vidogo tu. Aliyevitengeneza alikuwa na vidole vya mtoto mchanga?"

Akacheka, akanionyesha tena. Alikuwa na subira kuliko mabosi wangu wote ukiwafunga mzigo mmoja.

Pale kwenye kioo sauti zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine kama mikeka. Mkeka mmoja umeandikwa Mama. Huyo mke wangu, kiongozi wa sauti ya pili. Chini yake, Mwenyekiti. Huyo ndiye mkubwa wa kwaya, anaimba sauti ya tatu, ya wanaume.

Na huyo Mwenyekiti mimi nilikuwa na langu. Mke wangu alikuwa mgonjwa wa kifua, na bado kila zoezi yumo, mpaka karibu na kulazwa. Nani aliyekuwa anamwita? Msibani nikasimama, nikasema kila mtu asikie: "Huyu bwana kaniulia mke kwa nyimbo zake." Mwenyekiti akainamisha kichwa. Nikajua nimempata.

Basi mkwe alipokwenda dukani, nikabaki peke yangu na ule wimbo. Nikaucheza. Kila Mwenyekiti akifungua mdomo, mimi namshusha. Akifungua, namshusha. Nikasema moyoni, humu utapumua tu, kuimba utaimbia kwako.

Mkwe akarudi, akavaa visikilizio vya masikioni, akakunja uso.

"Baba, wimbo una matundu. Hapa, na hapa tena. Kama paa linalovuja."

"Ni hii kompyuta yako."

"Kompyuta yangu?" Akasikiliza tena. "Hapana. Mama ndiye anayepotea."

Akahamishia sauti kwenye spika, akabonyeza kitufe cha kumsikiliza Mama peke yake. Kitufe hicho mimi nilikuwa nakikwepa. Nilimweka katikati ya wenzake, nikamwacha hukohuko, kwa sababu niliogopa.

Sauti yake ikajaa chumba kizima, bila kinanda, bila mtu. Akaanza ubeti vizuri. Katikati ya mstari pumzi ikamkatika. Tukasikia akikohoa ndani ya kitambaa. Kimya. Akarudi mwisho wa mstari. Ubeti wa pili, vilevile.

"Sasa hapa katikati nani alikuwa anamshikia sauti?" mkwe akauliza. Akamfungulia na Mwenyekiti, akapandisha kishikio chake cha sauti. Kikapanda. Wimbo uliposogea, kikashuka chenyewe, mbele ya macho yetu. Akakipandisha. Kikashuka tena, kama kichwa cha mtu kinachosukumwa ndani ya maji.

"Baba, nani kaifundisha hivi?"

Kumbe kile kijitaa chekundu pembeni, nilichodhani ni cha umeme tu, ndicho kinachoiambia kompyuta ikumbuke mkono wako. Ilikumbuka kila nilipomshusha. Mkwe hakuuliza mara ya pili. Akafuta nilichofanya, akawacheza wawili peke yao.

Pale mke wangu alipokatika, Mwenyekiti aliacha sauti yake ya tatu, akapanda mpaka kwenye ya pili, akayachukua maneno yake taratibu. Mama akipata pumzi, yeye anashuka zake. Kati ya beti maiki ilikuwa imenasa mazungumzo yao pia.

"Dada, nenda nyumbani. Tutamaliza."

"Nyumbani nikafanye nini? Niache nipumzike huku. Yule mzee akinisikia nakohoa atatafuta wa kumlaumu, na wa kumsikiliza ni mimi mpaka kukuche. Wewe nishike tu nikikatika."

"Nitakushika."

Mke wangu akacheka. Kicheko kile nyumbani kwangu kilihama siku nilipofukuzwa redioni, na sikuwahi kuuliza kilikwenda wapi.

Mkwe akainuka. "Naenda kuteka maji," akasema, na ndoo zote zilikuwa zimejaa, hata ile aliyoikalia. Afadhali angenitukana.

Mazungumzo niliyakata, wimbo si baraza. Ilibaki ile sauti ya tatu. Nikimpandisha, kwaya nzima itasikia ni nani aliyemshika mke wangu, nao ndio walionisikia msibani. Nikimwacha chini, wimbo wa marehemu utabaki na matundu milele. Nikampandisha.

Siku ya kuusikiliza walikusanya viti ukumbini. Ulipokwisha, hakuna aliyeniangalia, na wote walikuwa wananiangalia. Mwenyekiti akaja mpaka kwenye spika, akaniambia polepole:

"Mzee mwenzangu, umenipandisha mno pale kati. Nishushe kidogo, watu wamsikie yeye."

"Hapana. Ukae hapohapo."

Nilitaka kuongeza neno. Lile la msibani lilitoka bila kusukumwa, likasikika mpaka barabarani. Hili liligoma.

"Haya," akasema, "wewe ndiye fundi."

Nikainama nikunje waya. Ulikuwa umeshakunjwa. Nikaukunjua, nikaanza upya, sikuinua kichwa mpaka nyayo zake zilipotoka mlangoni.