Seva Itaitii Boti

Rangi ilikuwa bado inanata vidoleni Anatoli alipoambiwa kwamba anwani aliyoichora ubavuni mwa boti yake haipo popote duniani.

Aliichora jana yake, kwa mkono wake mwenyewe, herufi nyeupe juu ya bluu, kila moja kubwa kama sahani ya wali: umojamwalo.or.tz/anatoli. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kumi, akaegemea mwamba, akajiona mtu. Asubuhi akamwita Ziada mwuza chai, mwenye simu ya kugusa, amfungulie.

Ziada akaandika, akasubiri, akaangua kicheko. "Mzee Anatoli, inasema ukurasa haupo."

"Haupo vipi, na mimi nimesimama hapa?"

"Wewe upo, mzee. Ukurasa wako ndio haupo."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Umoja wa wavuvi na mafundi wa mwalo ule wa Katonga, pale ziwani boti zinaposhushia samaki, ulikuwa na tovuti, na kila fundi alipewa ukurasa wake, una picha ya kazi yake na namba yake ya simu. Hilo jema. Lakini anwani! Karatasi aliyopewa na mwenyekiti Gasper ilikuwa na mstari ulioanza vizuri, kisha ukapotelea porini: index.php?ukurasa=mafundi&aina=mbao&id=47. Alama ya kuuliza, vidude vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga, na mwishoni namba, utadhani mfungwa. Kuuchora wote kungetaka boti mbili zifungwe pamoja kwa kamba. Anatoli aliishia darasa la nne, basi akatumia akili aliyozaliwa nayo: akaandika jina la Umoja, akapiga mkwaju mmoja, akamalizia na jina lake. Nani angeshindwa kumjua?

Wala hayakuwa mapambo. Kamati ilikwisha kukata shauri kwamba fundi atakayemaliza mwaka bila mteja anyang'anywe eneo lake la pwani, na mwaka wa Anatoli ulikuwa unaisha leo hii, saa nane mchana. Mwenyekiti alilitaka eneo hilo aweke kibanda cha barafu. Na Anatoli hakuwa na mahali pengine pa kushinda akajisikia hai, tangu mkewe Marcelina afariki miaka miwili iliyopita, siku ambayo gari la wagonjwa lilikuwa limemsindikiza mkubwa mmoja kwenda kuzindua choo. "Wenye viti," alizoea kusema, "wakishakaa husahau kwamba hata kiti kilichongwa na fundi." Boti hii aliijenga bila kuagizwa na mtu, kwa mbao zake za mwisho, ili mteja aione, asome ubavu, apige simu.

"Futa tu, mzee wangu," alisema Ziada.

"Nifute mimi? Boti haifutwi. Hiyo mitambo yao ndiyo itajirekebisha."

Akadandia bodaboda hadi Gungu, kwa shemeji yake Yunisi.

Yunisi, mdogo wake Marcelina, alikuwa na duka la kutoa kopi na kuchapa barua. Kwa kuwa mtaalamu aliyetengeneza tovuti ya Umoja alipata kazi Dodoma akaondoka bila kuaga, mzigo wote aliachiwa yeye.

"Shemeji, leo umekuja kunioa au kugombana?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nikuoe nife? Ugali wako unafaa kujengea gati."

"Na wewe unanuka mawese tangu mlangoni."

"Hiyo ni dawa ya boti, nimelowekea pamba ya kuzibia nyufa. Sasa nisikilize." Akamweleza yote.

Yunisi alicheka mpaka akaishika mashine ya kopi asianguke. "Yaani uliandika kwanza, ndiyo ukaja kuuliza? Sasa unataka seva ifuate boti?"

"Hiyo seva iko wapi?"

"Mbali. Hata mimi sijawahi kuiona."

"Basi haina aibu ya kubadilika. Boti yangu Katonga nzima wameshaiona."

Yunisi akafuta machozi, akavuta kiti. "Unajua, shemeji, kumbe inawezekana." Akamweleza kwamba seva ni kama bawabu, na bawabu ana faili lake la maagizo. Ukimwandikia humo kwamba mtu akija akauliza anatoli asifukuzwe, bali apitishwe mlango wa nyuma hadi kwenye ile anwani ndefu, atafanya hivyo kimyakimya. Mgeni hatajua alikopitishwa. Juu ya simu yake itabaki anwani ileile fupi.

"Bawabu mwema hivyo," alisema Anatoli, "nimezunguka ofisi zote za mji huu sijakutana naye."

"Ngoja kwanza nione kama ananisikia." Vidole vya Yunisi vikakimbia. "Hapa naweka nukta na nyota. Maana yake: mtu akiuliza chochote, mpeleke kwa Anatoli. Ni jaribio tu. Akikubali, nafuta, naweka jina lako. Mbele nalivika hii alama kama kofia, nyuma naweka ya dola, ajue ni neno hilo tu, lisipungue, lisizidi."

Akabonyeza. Akaiandika anwani ya botini. Ukurasa ukafunguka: *Fundi Anatoli. Boti za mbao. Hazivuji.* Chini yake namba ya simu. Picha tu ndiyo haikutokea.

Anatoli alikuwa na miaka sitini na mbili na goti bovu, lakini aliruka. Akaikumbatia mashine ya kopi. Akampa mkono mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti, akampongeza, sijui kwa lipi. Na katikati ya shangwe hiyo umeme ukakatika, pu, duka likawa kimya.

"Shemeji, tulia, sijamaliza! Bado ile nyota..."

"Imefunguka, nimeiona kwa macho yangu!" Sauti ilikuwa tayari inatoka juu ya bodaboda.

Hawajamaliza mteremko, simu yake ya tochi ikalia.

"Haloo, migebuka leo bei gani?" Mtu wa Kasulu.

"Umekosea namba, bwana."

"Nimebofya bei za samaki, nikapata namba hii."

Akakata, ikalia tena. Mama mmoja alitaka kujua kikao cha kamati ni saa ngapi. Ikalia. Kijana aliuliza fomu ya leseni inachukuliwa wapi. Alipofika Katonga alikuwa ameshaongea na watu tisa, na hapo ndipo Ziada alipomweleza, huku akijipiga mapajani kwa kicheko: ukifungua ukurasa wowote wa Umoja, bei, fomu, matangazo, historia, anatokea fundi Anatoli. Boti za mbao. Hazivuji.

Chochote. Anatoli akaikumbuka ile nyota. Kwanza akashikwa na woga. Kisha akaona utamu wake, na simu ilipolia tena akaipokea kwa sauti nzito ya kiofisi.

"Umoja hapa. Migebuka? Subiri." Akamgeukia mvuvi mmoja kwenye ngazi za mwalo. "We Edson! Migebuka leo vipi?"

"Imeshuka, mzee! Usiku walipata sana!"

"Imeshuka, mama, njoo mapema. Kikao? Saa nane. Fomu? Ofisini, lakini usiende kabla ya saa saba, karani bado yuko kwenye supu. Na boti huhitaji?"

Watu wakaanza kujaa. Kila simu ikilia wanapiga makofi. Tangu Umoja uanzishwe hapakuwa na mtu aliyewahi kupiga akajibiwa, na sasa anajibiwa papo kwa papo na mzee mwenye nyuzi za pamba nyweleni na mawese mpaka viwikoni.

Simu ya ishirini na kitu ilileta sauti anayoijua.

"Nani wewe?"

"Wewe ulitaka kuongea na nani?"

"Nimefungua Ujumbe wa Mwenyekiti! Ujumbe wangu! Picha yangu haipo, maneno yangu hayapo, nimeambiwa hazivuji! Ni nini hakivuji?"

"Boti, mwenyekiti. Ujumbe wako sina hakika."

Mwalo mzima ulilala chini kwa kicheko. Gasper akakata simu, na kila mtu alijua anakuja.

Kabla hajafika ikalia nyingine. Mwanamke, sauti ya ng'ambo ya ziwa. "Papa, minatafuta bei ya dagaa. Mimi ni Leonia, wa Kalemie, niko hapa Kigoma, jioni ninavuka. Lakini hili neno linaniuma. Hazivuji? Boti ya mbao?"

"Hazivuji, mama."

"Papa, mimi nina boti nne. Zote zinakunywa maji kama ng'ombe. Iko wapi hiyo yako?"

Walifika pamoja, kama waliokubaliana. Mama Leonia alishuka kwenye bajaji, mrefu, mnene, kitenge cha manjano. Gasper alishuka kwenye gari, viatu vinang'aa, nyuma yake Pastory wa kamati na futi ya kupimia eneo. Na Yunisi juu ya bodaboda, anapunga mkono kutoka mbali: "Umeme umerudi! Nimelivika jina lako kofia na dola! Kila mtu amerudi kwake!" Ziada akajaribu. Anwani ya ubavuni ikafunguka, sasa na picha. Ukurasa wa mwenyekiti ukafunguka, mwenyekiti yumo, anatabasamu.

Mwenyekiti aliyesimama pale hakuwa anatabasamu. "Anatoli, mchezo umekwisha. Saa nane kasoro. Una mteja au huna? Pastory, pima."

Pastory akaikunjua futi.

"Ngoja, papa," alisema Mama Leonia, wala hakumtazama. Alikuwa anagonga mbao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anapenyeza ukucha kwenye maungio. "Ukavu wa nchi kavu haunipi habari. Iweke majini."

Boti ile haikuwa imegusa maji hata siku moja. Anatoli alitaka kusema kesho, lakini kesho haikuwa yake.

"Tuisukume," alisema.

Na Katonga boti ikishuka hakuna mtazamaji. Awe mgonjwa, awe padri, awe adui wa mwenye boti, aliyepo pwani anaweka bega. Anayesimama pembeni anaitia nuksi, na wavuvi hawatamsahau. Edson akatandaza magogo. Ziada akaacha chai. Yunisi akakaza khanga. Pastory akaitazama futi, akamtazama mwenyekiti, akaiweka chini. Macho yote yakabaki kwa Gasper.

"Viatu hivi ni vya jana," alisema Gasper.

"Basi leo vibatizwe," alijibu Yunisi.

Akaweka bega.

"Hiiii, twende! Hiiii, twende!" Boti ikaguna, ikateleza, ikashika kasi, ikaingia ziwani kwa kishindo kilichowalowesha wote. Mama Leonia akaidandia, akavua kitenge cha juu, akakitandaza sakafuni, akakaa juu yake. Anatoli alisimama maji yakiwa kiunoni, hakuwa anaomba, alikuwa anamhesabia Marcelina: msumari huu, ungio hili, pamba hii, nilifanya kana kwamba bado unaniangalia.

Mama Leonia akainuka. Akakishika kitenge, akakigeuza, akakisugua shavuni.

"Kavu," alisema. "Hii naichukua. Na nyingine kama hii, ya kufuata. Lakini hayo maandishi, papa, yanahitaji mtu mwenye mkono ulionyooka."

Vigelegele. Pastory akaikunja futi bila kuambiwa na mtu. Gasper alisimama majini, kiatu kimoja mguuni, cha pili kinaelea, akamsogelea Yunisi kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Dada, hiyo anwani ya jina tu, bila namba... na mimi inawezekana?"

"Inawezekana sana, mwenyekiti," Anatoli alimjibia. "Andika barua, tutaijadili kwenye kikao."

Akacheka mwenyewe kabla ya wengine, kicheko kilichomlegeza goti bovu, akaanguka chali majini, akanywa, akakohoa, akacheka tena. Walipomnyanyua ndipo Ziada alipopiga kelele, kwa sababu katika furaha ile hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuifunga kamba, na boti ilikuwa inaondoka polepole, Mama Leonia amesimama ndani mikono kiunoni, anwani inang'aa ubavuni. Wakajitupa wote majini kuifuata, na aliyetangulia, kwa kiatu chake kimoja, alikuwa mwenyekiti.