Miguu ya Mwonjaji

Kuna watu Mungu kawapa miguu ya kutembelea, na kuna wengine kawapa miguu ya kusumbua majirani. Binti huyu alikuwa wa kundi la pili. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, kisigino kinagonga sakafu. Akilala, shangazi yake alikuwa akiapa, shuka linaamkia dirishani. Kiwandani walimwita Kiherehere, na jina likamganda hata meneja akasahau lile lililoandikwa kwenye kitambulisho. Alishafukuzwa kwa fundi cherehani kwa kukanyaga pedali kabla kitambaa hakijawekwa, akafukuzwa na mapokezi ya zahanati, maana wagonjwa walilalamika kwamba anawapandisha presha.

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, na ndiye aliyemwingiza kwenye kiwanda cha chai. Alianzia idara ya kufungasha, kazi ya kubandika maboksi kwa gundi. Kisha, watu wakabaki midomo wazi, Shangazi akampandisha hadi chumba cha kuonja. Shangazi mwenyewe alikuwa mwonjaji mkuu. Wafanyakazi walimwita Mama Ulimi, na si kwa umbeya. Hapakuwa na gunia lililochanganywa na jingine pale kiwandani bila yeye kulipitisha.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza ndefu nyeupe chini ya dirisha, na juu yake safu ya birika ndogo, kila moja na bakuli lake mbele. Majani yanapimwa, maji yanayochemka yanamiminwa, saa inalia, chai inamwagwa kwenye mabakuli. Unachota kijiko, unakifyonza kwa kelele ambayo mezani kwa watu wenye adabu ungezabwa kofi, chai inatapakaa mdomoni na kupanda puani, unaitema kwenye ndoo. Halafu unasema. Kufyonza hata mtoto anaweza. Kazi ilikuwa kusema.

"Nzuri," alisema Kiherehere siku yake ya kwanza.

"Nzuri ni mchumba," Shangazi akamjibu. "Chai ina ladha. Taja ladha."

"Basi... si mbaya."

"Toka nje. Kasukutue kwa maji matupu, urudi na neno."

Maneno akajifunza. Chai changamfu ni ile inayobana ulimi kisha ikauachia. Chai butu inapita mdomoni kama mgeni asiyepiga hodi, hata hujui aliingia saa ngapi. Kuna iliyoungua, kuna iliyolala, kuna inayoshika maziwa na inayozama humo isionekane tena. Lakini maneno hayo yote aliyajifunza kwa kuazima. Shangazi, kwa ukubwa wake, ndiye aliyetangulia kusema. Kiherehere alifuata nyuma, akiyapanga maneno yale yale kwa utaratibu mwingine ili yaonekane mapya. Ulimi wake ukimwambia tofauti, aliumeza pamoja na mate. Nani amsahihishe Mama Ulimi?

Hilo lilimkera sana meneja. Shangazi alikuwa anastaafu mwisho wa msimu, na ile stuli yake ndefu ya dirishani ilihitaji mtu. "Binti akiweza kusimamia neno lake mbele ya mteja, stuli ni yake," meneja alisema. "Akishindwa, nitaleta mwonjaji kutoka kampuni nyingine, na yeye arudi kwenye gundi yake. Sitaki kasuku." Tangu siku hiyo Kiherehere hakujua raha. Alitembea chumba kizima akipanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Kurudi kwenye maboksi kungekuwa kufukuzwa kwa mara ya tatu, na safari hii aibu ingemwangukia Shangazi pia.

Sasa, Shangazi alikuwa na mtindo wake wa kuwanasa waongo, mtindo wa pacha. Anayepanga safu anaweka chai ile ile mahali pawili bila kusema. Ukiisifu huku na kuiponda kule, umejianika mwenyewe. Jumanne moja zamu ya kupanga ikawa ya Kiherehere, akaficha pacha: bakuli moja mwanzoni, jingine karibu na mwisho. Kwa kuwa siri ilimwasha, Shangazi alipofika kwenye lile la pili yeye akawa anakanyaga sakafu kama anayekoroga udongo wa matofali.

Shangazi alipofyonza la mwanzoni alisema, "Changamfu. Rangi ya shaba. Ina uzito wake."

Alipofyonza la pili akasema, "Butu. Hii imelala kabisa."

Kiherehere hakuwaza kwamba Shangazi kakosea. Hilo lilikuwa sawa na kuwaza kwamba maji yamepanda mlima. Aliwaza kwamba yeye kachanganya makopo. Akaenda kuangalia: kopo lilikuwa moja. Akaonja tena yote mawili kwa siri: ladha ilikuwa moja. Basi akaamua kwamba ulimi wake ni mbovu, na kwamba mwisho wa msimu gundi inamsubiri. Kulikuwa na wazo jingine lililobisha hodi, kwamba tangu Shangazi augue homa kali miezi michache nyuma amekuwa akila chochote anachopakuliwa bila kulalamikia chumvi, yeye ambaye alikuwa halalamikii kitu kingine. Wazo hilo Kiherehere alilifungia mlango. Wiki nzima alilala akipiga mateke ukuta.

Siku mnunuzi alipokuja, meneja alimdaka Kiherehere mlangoni. Mnunuzi huyu alikuwa na hoteli nyingi, na mchanganyiko mzima ulioandaliwa mwezi ule ulikuwa wake.

"Leo hiyo miguu itulie," meneja akanong'ona. "Safari iliyopita aliniuliza kama binti yule amebanwa na haja ndogo."

Basi Kiherehere akakaa kwenye stuli yake, akaifunga miguu kwenye mti wa chini, mmoja ukiukaba mwingine, akatulia kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mapaja yalimuuma kwa kutulia.

Shangazi akaanza. Aliyatazama majani yaliyolowa, akaitazama rangi ya chai kwenye mwanga wa dirisha, akafyonza. Kisha akatupa jicho sakafuni, jicho la haraka, kama alivyokuwa na mazoea siku hizi. Kiherehere siku zote alidhani anatafuta ndoo.

"Changamfu," Shangazi akatangaza. "Nyangavu. Inashika maziwa." Na ile chai hakuitema, aliimeza.

Mnunuzi akachekelea. Meneja akageuka. "Na wewe, binti?"

Kiherehere akachota, akafyonza. Kweli ilianza kwa kubana, uchangamfu ulikuwepo. Lakini nyuma yake, ikipanda taratibu puani, ikaja harufu nyembamba isiyohusika na jani lolote la duniani. Rangi. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango. Akachota tena. Ilikuwepo. Jani la chai halina siri, linanyonya kila harufu linayolala nayo, na hili lilikuwa limelala na kopo la rangi.

Akamtazama Shangazi. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyekwisha sema. Neno "changamfu" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Kiherehere, la kuazima, halina gharama. Akilisema, stuli ni yake, na Shangazi anastaafu na heshima zake. Akisema lingine, anamvua nguo mama aliyemlea mbele ya wageni. Lakini la kuvunda halina ubani, na chai ile ingenywewa kwenye hoteli zote zile ikinuka mlango mpya. Miguu yenyewe ikachomoka kwenye mti wa stuli, ikaanza kupiga sakafu.

Shangazi akaiona. Mkono wake uliokuwa na kijiko ukasimama hewani.

"Ina rangi," Kiherehere akasema.

"Rangi ya shaba, ndiyo," akasema meneja.

"Hapana, bosi. Rangi ya kupaka. Inaanza changamfu, kisha inapanda puani ikiwa rangi ya mafuta. Na nyuma yake hakuna tena chai. Hii haiwezi kutoka."

Meneja akafunua birika, akanusa. "Mbona sisikii..." Akanusa tena, na safari hii akakunja uso, kwa maana harufu ya namna hiyo ukishaambiwa huwezi tena kuikwepa. "Milango ya stoo!" akasema. "Tumeipaka wiki iliyopita!"

Mnunuzi naye akainusa, akarudisha kichwa nyuma. Wote wawili wakamgeukia Mama Ulimi. Meneja, ambaye alimheshimu sana yule mama, ndiye aliyemfungulia mlango wa kutokea. Akapiga makofi, akacheka kicheko kikubwa.

"Aaa, Mama Ulimi! Mjanja wewe! Kumbe ulikuwa unampima binti!"

Kiherehere alimwomba Mungu kimoyomoyo Shangazi aitikie. Ilikuwa kuitikia tu kwa kichwa.

Shangazi akaweka kijiko mezani. "Sikumpima," akasema. "Sikuisikia. Tangu ile homa sisikii harufu wala ladha, bosi. Maji, chai, supu, kwangu ni moto na baridi tu. Andika neno la binti."

Akajifungua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

Kiherehere alimkuta nyumbani jikoni, jua bado liko juu, amekaa kwenye kigoda mikono mapajani. Binti akapiga magoti palepale mlangoni, akalia bila kujificha.

"Nisamehe, Shangazi. Nimekuaibisha."

"Simama huko, unachafua sketi. Mficha maradhi kilio humuumbua, nilijua siku itafika." Akamvuta mkono. "Ile Jumanne ulinipangia pacha, siyo?"

"Ulijuaje?"

"Sura yako baadaye. Ulikuwa kama umemwona marehemu sokoni. Na ungesema siku ile ile ningekushukuru."

"Nilidhani ulimi wangu ndio mbovu."

"Ndiyo maana leo nimekasirika kidogo na kufurahi sana." Shangazi akaitazama miguu ya mpwa wake, ambayo ilikuwa imekwisha anza. "Unajua nilikuwa naonjaje, miezi yote hii? Macho yanajua majani na rangi. Yaliyobaki nilikuwa nayapata hapo chini. Chai ikiwa na kasoro, miguu yako inacheza kabla wewe mwenyewe hujajua. Jumanne imecheza, nikasema butu. Leo imetulia, nikasema changamfu. Mtu mzima mimi, naonja kwa miguu ya mtoto!" Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Lakini bosi alikupa njia," Kiherehere akasema. "Kwa nini hukusema ulinipima?"

"Ningesema hivyo, ungeamini umefaulu mtihani wangu. Kesho ungeendelea kuniangalia usoni. Nilitaka ujue hapakuwa na mtihani. Mimi sikuwepo pale. Ulikuwa peke yako, na ulisema."

Kiherehere akainuka, akachemsha maji, akapima majani kwa vidole kutoka kwenye kopo la nyumbani, akamimina vikombe viwili. Shangazi akakishika chake kwa mikono miwili, kwa ajili ya joto lake.

"Haya, mwonjaji. Nimekosa chai muda mrefu. Niambie hii ikoje."

"Changamfu..."

"Hilo neno langu, nirudishie. Nataka lako."

Kiherehere akafyonza kwa kelele zote za kiwandani. Akafumba macho.

"Inaanza kwa kubana, huku pembeni, kama umeng'ata ganda la chungwa kwa bahati mbaya. Halafu inaachia. Ikishaachia kuna utamu mdogo, uko mbali, wa boga lililochemshwa bila sukari." Akanywa tena. "Na mwisho... mwisho ni sare yangu ya shule, asubuhi, ukiipiga pasi kabla haijakauka. Ule mvuke."

Shangazi alikuwa ameshakinyanyua kikombe, akakizuia karibu na midomo.

"Pasi ya mkaa?"

"Ya mkaa. Ile iliyoniunguzia kola."

Shangazi akanywa. Chai akaikalisha mdomoni muda mrefu, macho kayafumba, ndipo akaimeza.

"Hapo," akasema taratibu, "hapo nimeisikia." Akasogeza kikombe mbele. "Ongeza. Na hiyo miguu iache icheze."