Mistari ya Saga Kando ya Reli

"Tawanyikeni," alisema askari, fimbo begani.

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Watu tisa waliendelea kupalilia kando ya reli ya Namuwongo, kila mtu na mstari wake, mita mbili toka mwenzake, wote wamegeukia upande mmoja ili mtu asimpumulie mwingine usoni. Ndivyo Nabalayo alivyowapanga tangu wiki ile nchi ilipofungwa, na shule ya Bukoto alikokuwa mpishi ikamwachisha kazi kwa ujumbe wa simu. Mita alizipima kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Mama, mimi naongea na wewe."

"Nimesikia, afande. Tumeshatawanyika. Pima."

Mtu wa mstari wa nne alicheka.

Nyuma ya askari, mwenyekiti wa mtaa alishusha barakoa apate kufoka. "Huu ni mkusanyiko. Na hayo ni magugu. Afande Okeny, ng'oa yote, pasafishwe leo."

Pasafishwe. Nabalayo alinyoosha mgongo. Miaka kumi na mmoja pale palikuwa jaa: nepi, chupa, mbwa waliokufa. Mwaka wa kipindupindu alimwomba mwenyekiti huyuhuyu gari la taka, akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika. Taka walizibeba wenyewe, kwa mabeseni, na leo ndiyo pamekuwa pachafu.

Lakini kupoteza mboga hakukumtisha kama mstari wa tisa, alipochuchumaa mzee Oyugi. Mkewe alizikwa Ugunja, ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Mazishi aliyaona kwenye simu ya jirani, picha ikikwamakwama, kisha akajilaza akiutazama ukuta. Siku ishirini. Hakula la maana, hakunena. Nabalayo ndiye aliyemtoa nje kwa ukali, kama mtoto anayekataa kuoga, akamshikisha jembe dogo. Siku ya tatu mzee alinawa uso bila kuambiwa. Ya kumi aliomba chumvi, kwa kidole. Neno, bado. Shamba likilala, mzee atarudi ukutani, na safari hii hatoki.

"Redio imesema wakulima waendelee," Nabalayo alisema. "Au redio yako nayo iko karantini, mheshimiwa?"

"Mkulima gani, nnyabo? Wa magugu?"

Okeny aliinama, akachuma jani, akalisugua vidoleni. Alikaa nalo puani kidogo.

"Mwenyekiti, hii si magugu. Kwetu Kitgum tunaita akeyo. Mama yangu anapikanga na simsim."

"Sisi tunaita saga," Nabalayo alisema. "Mwenyekiti anaijua ikiwa sahanini tu."

"Nimesema ng'oa."

"Leta karatasi ya kusema chakula king'olewe," Okeny alijibu taratibu. "Weka saini yako. Mimi nang'oa."

Mwenyekiti alipapasa mifuko. Akaitazama migongo ile, iliyokuwa imeshainama tena, akapandisha barakoa na kuondoka na simu sikioni, simu ambayo haikuwa imelia.

Okeny akageuka kumfuata, akakatiza katikati ya shamba.

"Wewe."

Sauti ilitoka mstari wa tisa, kavu, yenye kutu.

"Usipite hapo. Nimepanda jana."

Nabalayo hakugeuka. Aliushika mpini kwa mikono miwili.

Okeny alisimama, mguu mmoja hewani. "Pole, mzee," alisema, kisha akarudi nyuma na kuzunguka, akiinua buti moja, halafu la pili, juu sana, hadi kwenye reli.