Asiyekuwa Mezani Hagawiwi

Mimi sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Kwa hiyo nisiulizwe niliwezaje kunyamaza mwaka mzima. Nilinyamaza kwa sababu mchezo wenyewe nilikuwa naupenda.

Ni mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mtu wake ndani ya hadithi, na ukitaka mtu wako aruke shimo au amkate adui, unarusha dadu. Kaka yangu ndiye msimulizi. Kinyozi wa mtaa wa pili ana mganga anayerusha moto. Dereva ana mpiga upinde ambaye, kama mwenyewe, hafiki popote bila kugombana. Mimi nina Mlinzi, mwanamke mwenye mkuki wa kawaida na ngao ya mbao, anayesimama mbele ili wenzake wasipigwe. Tunacheza kila Jumapili mchana sebuleni kwangu, juu ya meza ninayokatia vitambaa. Mimi ni fundi cherehani, na kati yetu sote meza kubwa ninayo mimi tu.

Vitu vya ajabu wanavyookota huko mapangoni, pete, upanga unaoongea, viatu vya kupaa, tunaviwekea vifungo vya nguo. Vifungo vyangu pia. Kila kitu kifungo kimoja, kinakaa mbele ya mwenye nacho. Mbele ya kinyozi palikuwa kama duka. Dereva alivipanga vyake kwa rangi. Mbele yangu palikuwa na meza tu.

Na wala haikuwa bahati mbaya. Kaka aliweka sheria tangu mwanzo, enzi zile dereva alipokuwa akitoka kila mara kuzungumza na simu: asiyekuwa mezani wakati wa kugawana, hagawiwi. Tuliicheka, dereva akaacha simu zake. Ila nyuma ya pazia la sebule yangu kuna chumba, na humo analala mama, ambaye miguu haimbebi tena na masikio yamechoka. Akitaka kitu anagonga ukuta kwa kikombe. Kikombe kikigonga, wanaume watatu wananitazama mimi. Naenda, namgeuza, nambadilishia shuka, nikirudi wameshagawana.

"Pole, dada," husema kaka. "Sheria ni sheria. Halafu Mlinzi hana haja ya makorokoro, ana nguvu zake."

Hana haja! Maneno hayo nayajua. Ndivyo alivyosema pia siku tuliyokaa kuamua mama aishi na nani: yeye ana familia, ana safari za kikazi, mimi niko peke yangu, sina haja ya nafasi. Mama alituzaa sote wawili, ila wa kumgeuza kitandani ni mimi.

Na kila Jumapili akiingia husema, "Nitamsalimia mama tukimaliza. Nikiingia sasa hataniachilia." Tukimaliza huwa amechelewa mahali. Mama naye huniuliza kila jioni kama mwanawe hajapita. Nimwambie nini? Kwamba alikuwa hapo nyuma ya pazia, anaua majoka? Namwambia yuko safarini, ana kazi nyingi. Namwambia huku nimeuma meno.

Jumapili hiyo tulikuwa tumefika kwenye pango la joka. Kabla ya joka kulikuwa na chumba cha hazina, na ndani yake ngao ya shaba, nyepesi, isiyopitisha moto. Hata kinyozi, ambaye hutaka kila kitu, alisema, "Hiyo ni ya dada, hapo hatubishani." Mtu mzima mimi, moyo ulinidunda kwa furaha kwa ajili ya kifungo cha koti. Nilikuwa nanyoosha mkono kikombe kilipogonga ukuta.

"Nisubirini," nikasema. "Nakuja sasa hivi."

Mama alikuwa amejimwagia chai kifuani. Nilimfuta, nikambadilisha gauni. Niliporudi, kifungo kilikuwa mbele ya dereva.

"Mpiga upinde ngao ya nini?" nikauliza. "Mikono yote miwili imeshika upinde!"

"Anaivaa mgongoni," dereva akasema bila kuniangalia.

"Kaka?"

"Dada, usianze. Hukuwepo."

"Nilikuwa wapi?"

Akachukua dadu, akaendelea na joka lake.

Joka hilo alilipima kwa wenye vitu. Mbele ya watu wenye pete na viatu vya kupaa, joka dogo lingekuwa mjusi, kwa hiyo alilipatia meno yanayopita chuma na moto unaoyeyusha mawe. Akasema linafungua kinywa. Nani amesimama mbele?

"Mlinzi," wakajibu wote wawili kwa mpigo. Hata hawakufikiri.

"Moto huu ukikupata na ngao ya mbao, unakufa," kaka akaniambia. Na kwetu aliyekufa hachezi tena mpaka hadithi nzima iishe. "Lakini ukisimama, wenzako wanapata nafasi ya kulimaliza. Utakufa kishujaa, dada. Tutakukumbuka."

Damu ilinichemka hadi masikioni.

"Mlinzi anatoka," nikasema.

"Anatoka wapi?"

"Mbele. Anarudi nyuma, anakaa juu ya jiwe. Asimame mwenye ngao."

"Mimi?" Dereva aliruka kitini. "Mimi ni mtu wa mbali!"

"Huwezi kufanya hivyo," kaka akasema, sauti imempanda. "Siku zote wewe ndiye unayesimama!"

"Na siku zote nimesimama na nini? Nionyeshe hapa mezani. Nimesimama na nini?"

Ndipo kikombe kikagonga ukuta.

Wakanitazama. Wote watatu, baada ya hayo yote, wakanitazama mimi! Sikuamini macho yangu.

"Mama anaita," kaka akasema.

"Nimesikia."

"Si uende? Safari hii tutakusubiri, naapa."

"Mimi niko mezani, na sitoki. Kwani huyo ni mama yangu peke yangu?"

Kikombe kikagonga tena, kwa nguvu zaidi. Kaka alimtazama dereva, dereva akatazama dadu. Alimtazama kinyozi, kinyozi akaanza kukagua kucha zake. Basi akainuka taratibu.

"Atakuwa anataka nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Muulize."

Akapita pazia. Mama, kwa kuwa hasikii vizuri, husema kwa sauti ya kufika barabarani, na safari hii alipiga ukelele wa furaha ambao sikuwa nimeusikia tangu aache kutembea.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu! Umefika lini?"

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Sasa hivi, mama," kaka akasema. Hakusikika, ikabidi arudie kwa kupaza sauti. "Nimefika sasa hivi!"

"Na safari yote hiyo! Kaa, kaa hapa, umechoka. Dada yako kila siku ananiambia una kazi nyingi. Nikasema hata kama, iko siku atapata nafasi."

Dereva alininong'oneza kwamba labda tuahirishe. Nikamwambia hakuna kuahirisha, arushe dadu au akae kimya asikilize. Akakaa kimya. Kule ndani mama alikuwa anamuuliza kaka kama njiani kulikuwa kuzuri, kama ameshakula, kama atalala au anaondoka leo leo, na kila swali kaka alilazimika kulijibu kwa kupiga kelele.